Mwalimu Aliyefuta Maneno ya Siri

Kama ulisoma sekondari hapa Mwanza miaka hii ya karibuni, na mzazi wako akayaona matokeo yako kwenye simu kabla hujafika nyumbani na uongo wako, basi wa kumlaumu ni Mwalimu. Mama huyo ndiye aliyeutengeneza ule mfumo. Mimi nilikuwepo, ila nilikuwa wa kufuata. Alinifundisha hesabu nikiwa kidato cha tatu na cha nne, kisha miaka mingi baadaye, alipostaafu na kujifunza mwenyewe kuandika programu za kompyuta katika umri ambao wenzake walikuwa wamehamia kwenye kuku wa mayai, akanitafuta. "Wewe ulikuwa mvivu wa kukariri," akaniambia. "Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka." Tukapanga chumba Nyakato, juu ya duka la mabati, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mvivu. Hakuniita jina lingine. Hata mbele ya wakuu wa shule waliokuja na suti zao kutaka mfumo, alinitambulisha hivyohivyo: huyu ni Mvivu, yeye ndiye atakayewahudumia.

Nimechelewa kuandika habari zake kwa sababu yu hai, na kumwandika mtu aliye hai kana kwamba ameondoka ni kumchuria. Lakini waliomwona karibuni hawatanilaumu. Mwalimu alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Ulipoanza, na yeye akajua kwamba umeanza, aliniomba ahadi moja, nami nikaitoa upesi kama mtu anayeahidi jambo la mwaka kesho. Ahadi hiyo ndiyo inayonikosesha raha, na yote nitakayosema hapa yanaelekea huko.

Chuki yake kwa maneno ya siri ilikuwa ya zamani kuliko ugonjwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyedharau kukariri, na nenosiri kwake lilikuwa kukariri kuliko kubaya kabisa, kwa sababu hata ukielewa halikusaidii. "Kukariri ni kuazima," alizoea kusema, akiligonga dawati kwa kifundo cha kidole. "Kuelewa ndiko kumiliki." Tulilisikia hilo tangu tukiwa na kaptula. Mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa kanuni aliyoikariri bila kuielewa alipewa nusu ya alama na macho ya huzuni, na yale macho ndiyo yaliyouma.

Ila sababu kubwa ilikuwa tabia yetu sisi wenyewe. Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa na neno la siri kwa kila mwalimu, kama mifumo yote. Baada ya muhula mmoja tulipita mashuleni tukakuta maneno ya siri yameandikwa ubaoni katika chumba cha walimu, kwa chaki, kwa mwandiko mzuri, kila jina na lake. Mwalimu alipouliza, mwalimu wa taaluma wa shule moja akamjibu kwa upole kabisa: "Sasa Mwalimu, mwenzako akikuomba paswedi utamnyimaje? Atasema unaringa. Na wewe kesho ukifiwa ukaenda msibani, nani atakuingizia alama?"

Lile lilikuwa jibu sahihi. Hapa kwetu kumnyima mtu wa ofisi moja neno lako la siri ni sawa na kumfungia mlango akiwa na njaa. Basi ikatokea katika shule moja kwamba alama za darasa zima zimebadilishwa, wazito wakawa wepesi na wepesi wakawa wazito, na tulipotafuta aliyefanya tukakuta jina la mama mmoja mcha Mungu aliyekuwa Bukoba kwenye mazishi ya kaka yake siku hiyo. Kila mtu angeweza kuwa yeye. Yule mama alilia mbele ya bodi, na Mwalimu akarudi Nyakato, akafuta ubao wetu wote, akaandika juu kabisa: HAKUNA NENO LA SIRI.

Alinieleza siku hiyo jambo ambalo sitalisahau, ingawa nisingependa kulikumbuka. "Mlango unaweza kukutambua kwa njia tatu," akasema. "Kwa kitu unachokijua, kwa kitu ulicho nacho, au kwa vile ulivyo wewe. Unachokijua kinaibwa kwa maneno matamu. Ulicho nacho kinaibwa kwa mkono. Lakini wewe mwenyewe, Mvivu, nani atakuiba wewe?"

Nilikubali. Ilionekana kuwa kweli.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuumiza kichwa sana, na hapo ndipo alipokuwa na mgongano ulionichekesha. Nyumbani kwake Mwalimu alijikata nywele mwenyewe, alitengeneza pasi mwenyewe, alishona mapazia mwenyewe na yakaning'inia upande. Fundi wa bomba akiingia kwake alitoka amefundishwa. Lakini ilipofika kwenye seva, yaani ile kompyuta inayohifadhi mfumo na kujibu simu za watu, alikataa katakata tuandike wenyewe ile sehemu ya kuwatambua watumiaji. Alitaka tutumie maktaba, ambayo kwa watu wa kazi yetu si chumba cha vitabu bali ni msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, unauchukua na kuuweka ndani ya wako. "Watu wenye akili kuliko sisi wamekosea hapa wakasahihishana," akasema. "Sisi tutakosea na hakuna atakayetusahihisha. Kwenye mambo ya kufuli kiburi hakina nafasi."

"Haya maneno anasema mtu wa Bukoba?" nikamuuliza, maana watu wa kwao wanasifika kwa majivuno.

"Kiburi chetu ni cha shule tu," akajibu bila kuinua macho kwenye kioo. "Hicho kingine mmetusingizia nyie Wasukuma mkiwa machungani."

Walimu walipouliza inafanyaje kazi aliwaeleza kwa kufuli na funguo, na mpaka leo sijamsikia mtu aliyeeleza vizuri zaidi. Simu yako inatengeneza kufuli na ufunguo wake. Kufuli inaipa seva, ufunguo inabaki nao na haimpi mtu yeyote, hata wewe. Ukitaka kuingia, seva inakutumia swali jipya, ambalo halijawahi kuulizwa na halitaulizwa tena. Unaweka dole gumba, simu inajua ni wewe, inalijibu swali kwa ule ufunguo. Ile maktaba iliyo kwenye seva inalipima jibu kwa kufuli yako. Likikaa, umeingia. "Mwizi akivunja kwetu," alimalizia kila mara, kwa raha, "atakuta makufuli matupu." Halafu alikunja mikono akangoja maswali, kama zamani, na kama zamani hakuna aliyeuliza.

Tulivuka kwa kivuko kwenda shule moja ng'ambo, upande wa Kamanga, kuona walivyoanza kuutumia. Kwenye kumbukumbu zetu ilionekana kwamba shule nzima ina mtumiaji mmoja, hodari ajabu, anayefundisha kila somo. Tukamkuta mwalimu wa taaluma anatusubiri na soda. Simu yake ilikuwa mpya na chaji yake inakaa, kwa hiyo wenzake wote walisajili vidole vyao humo humo, na waliokosa nafasi walikuwa wakija kumwomba yeye aweke dole lake.

"Sisi hapa ni kitu kimoja, Mwalimu," akasema kwa fahari.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akaketi, akawasajili upya mmoja mmoja, kila mtu kwenye simu yake, akiwashika vidole kama wanavyoshikwa watoto wa darasa la kwanza. Tulipokuwa tunarudi kwenye kivuko alitazama mawe ya upande wa mjini yanavyosogea. Mwishowe akasema, "Nimewaondolea neno la siri, wamenirudishia undugu." Sikujua kama alikuwa analalamika au anasifu. Nadhani naye hakujua.

Kilichobaki kigumu kilikuwa simu kupotea. Watu wanaziangusha ziwani, wanaibiwa sokoni, wanawapa watoto wao wanaokwenda chuo. Ufunguo umekwenda na simu. Sasa mtu ataingiaje? Wengi hutuma ujumbe wa namba kwenye laini ya simu. Mwalimu alikataa, kwa sababu nusu ya walimu wetu walikuwa na laini zilizosajiliwa kwa jina la mume, au shemeji, au mtu ambaye hawakumbuki alikuwa nani. Alifikiri juu ya jambo hilo wiki nzima, akitafuna kahawa yake, zile buni za kwao alizoweka kwenye kopo la dawa. Kisha akachukua kitu tunachokifanya siku zote. Ukitaka kutambulishwa katika ofisi ya mtaa, huendi peke yako. Wanakuja watu wanaokujua, wanasimama, wanasema: huyu tunamfahamu.

Basi ikawa hivyo. Kila mtumiaji alichagua mashahidi wawili. Akipoteza simu, anasajili mpya, na mashahidi wake wanapata swali kwenye simu zao. Wote wawili lazima wawe naye, wakubali. Mmoja akikataa, mlango haufunguki, na haujaribiwi tena siku hiyo. Nilikuwa nimeandika swali fupi: Thibitisha mtumiaji. Akalifuta.

"Hilo watabonyeza bila kusoma," akasema. "Nataka waone haya kidogo."

Akaandika yeye: *Mtazame usoni mtu aliye mbele yako. Ni yeye?* Na chini vitufe viwili: *Ndiye. Siye.*

Mashahidi wake yeye mwenyewe walikuwa binti yake na mimi. Nilimwambia kwamba mwenye mfumo hahitaji mashahidi, tungeweza kumwekea njia ya pembeni. Alinitazama kwa yale macho ya nusu alama.

Sasa kusahau. Watu wanataka kujua kulianzaje, na ukweli ni kwamba sijui, kwa sababu yeye aliyedharau kukariri alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Alimjua kila aliyewahi kukaa darasani kwake, na alikaa dawati gani, na nani aliwahi kumwibia jibu nani. Tukienda mjini tulichelewa kufika popote, kwa sababu makondakta, manesi, mapadri, wote walisimamishwa na kuulizwa kwa nini waliacha hesabu. Nilipomwona akisimama mbele ya mwanamke mmoja Buhongwa na kusema tu "habari za siku nyingi", bila jina, nilijua pana kitu. Nikajifanya sikuona. Aliniona nikijifanya.

Kisha alifuta alama za kidato kizima cha shule moja. Alidhani ni zile za mazoezi tulizoweka wakati wa majaribio. Tulizirudisha, nakala zilikuwepo. Lakini kesho yake alipoambiwa alikana, tena kwa hasira, akasema atamtafuta aliyefanya. Akafungua kumbukumbu za mfumo mbele yangu. Pale palikuwa na jina lake, simu yake, dole lake. Katika mfumo ule mtu hawezi kusema si mimi; tuliutengeneza kwa ajili hiyo.

Akakaa. Chini, wenye duka walikuwa wanashusha mabati na kelele ilikuwa kubwa. Alingoja ipungue.

"Mfumo hausemi uongo," akasema. "Basi ni mimi."

Nilitaka kulia na niliona aibu kulia mbele yake, kana kwamba ningeondolewa alama.

"Mvivu. Siku nikija na si mimi, usinifungulie."

"Nitakupunguzia tu ruhusa, Mwalimu. Uone bila kugusa."

"Hapana. Mtu asiyejua yuko ndani ya nyumba gani hapaswi kuwa ndani, hata kama hagusi kitu. Wale ni watoto wa watu."

"Na nitajuaje kwamba si wewe?"

Hapo akatabasamu, tabasamu lake la kunisumbua. "Utajua. Hujawahi kushindwa kuliona jibu lililokosewa. Kulipata lililo sahihi ndiko kulikokuwa kunakushinda."

Nikaahidi. Aliniomba kwa akili zake zote, na nikadhani akili zote zile haziwezi kwisha.

Zilikwisha. Daktari alisema hivyo kwa maneno marefu, binti yake akamchukua kwake Buhongwa, na mimi nikabaki na chumba cha Nyakato na kopo la buni. Nilikwenda kumwona, kisha nikaenda mara chache zaidi, kisha nikawa na kazi nyingi. Wanaojua habari hizi wanajua kazi nyingi ni nini.

Binti yake akanipigia simu. Mwalimu alikuwa ameiangusha simu yake kwenye ndoo ya maji na ikafa. Mpaka siku hiyo alikuwa akiingia nayo kutazama majina, nami nilijifanya sioni. Tangu hapo hana amani. Anaamka anavaa viatu, anasema alama za watoto hazijaingia, wazazi wanasubiri. Anashika mlango, analia.

"Kaka, njoo umfungulie," akasema. "Nimemnunulia simu nyingine. Akiyaona majina ya watoto atatulia. Simwombei kitu kingine."

Nilijaribu kwanza udanganyifu. Nilimtengenezea mfumo wa bandia, unaofanana na wetu kwa kila kitu, wenye majina niliyoyatunga, nikamtumia binti. Mwalimu aliyapitia majina yale kwa kidole, polepole, akasema, "Hawa siwafahamu," akairudisha simu mezani. Sijui alijuaje, maana wa kweli nao hakuwafahamu tena.

Basi nikaenda. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa binti yake, mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua. Alikuwa amevaa vizuri, nywele zimekatwa na mtu mwingine, zimenyooka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu sana."

Baba. Kwa adabu, kwa uchangamfu, vile angemwambia mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Nikakaa. Binti yake akampa simu mpya, akamwonyesha mahali, naye akaweka dole gumba bila kusita, mara ya kwanza ikakubali. Mkono ulikuwa unajua. Simu ya binti ikalia, akabonyeza *Ndiye* hata kabla haijanyamaza. Kisha ikalia yangu.

*Mtazame usoni mtu aliye mbele yako. Ni yeye?*

Nikamtazama. Ulikuwa uso wake. Ile alama ndogo ya miwani puani, ule mdomo unaojiandaa kukusahihisha. Dole lilikuwa lake. Seva yetu, pamoja na maktaba yake yote ya wenye akili, haikuwa na shaka. Aliyekuwa na shaka ni mimi tu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ni nani?"

"Wewe ni mgeni wetu," akasema. "Chai inakuja."

"Na kukariri, Mwalimu? Kukariri ni nini?"

Nilimpa mwanzo wote. Nilikuwa tayari kuchukua hata nusu ya jibu. Kama angesema kuazima, neno hilo moja tu, ningebonyeza *Ndiye* na ahadi ingejitafutia pa kwenda. Alifikiri. Alitaka sana kunifurahisha.

"Ni kuzuri," akasema. "Watoto wakariri. Wakikariri watafaulu."

Binti yake alikuwa ananitazama. "Kaka," akasema. "Kaka, tafadhali."

Nikabonyeza *Siye*.

Simu iliyokuwa mkononi mwa Mwalimu ikatetemeka. Akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti ile ya darasani, kila neno mahali pake, maneno aliyoyaandika mwenyewe Nyakato: "Hukutambuliwa. Rudi na watu wanaokufahamu." Binti yake akasimama akaenda jikoni, na chai haikuja.

Niliaga. Yeye akainuka, kwa sababu mgeni husindikizwa, na hilo lilikuwa halijamtoka. Tukatembea hadi getini. Aliniona uso wangu ulivyo, akanishika mkono.

"Usihuzunike, baba. Huyo unayemtafuta pengine amehama."

"Pengine, Mwalimu."

"Ukimpata," akasema, akitazama kule barabara ya Shinyanga inakokwenda, "mwambie alama za watoto hazijaingia."